Ghorofa Tuliyoacha Kujenga

Nyumba yetu iko Mbugangari, nyuma ya mji wa Gisenyi. Ukisimama mlangoni unauona mlima wa moto upande wa Kongo, unaona mapaa ya mabati, unaona watu wakienda mpakani na wengine wakirudi, lakini ziwa Kivu hulioni. Jambo hilo lilimsumbua mume wangu tangu siku tulipoanza kupokea wageni. Mgeni alikuwa akishuka kwenye pikipiki, anaweka begi chini, anatazama kulia na kushoto, kisha anauliza kwa upole, "Na ziwa liko wapi?" Mimi nilimwonyesha kwa kidole: pale chini, mwendo mfupi tu kwa miguu. Mume wangu wakati huo alikuwa ameshainama, anajifanya kufunga kamba za viatu.

Alikuwa mwanajeshi mpaka alipostaafu, na mtaani kila mtu humwita Afande. Hata mimi namwita hivyo, hasa nikitaka kumtania. Yeye alikulia Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi, na mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Tulikutana hapa tukiwa watu wazima, yeye na Kiingereza chake, mimi na Kiswahili changu, na Kinyarwanda cha wazazi wetu katikati. Alipostaafu tukajenga. Vyumba viwili vikawa vyetu, vingine vinne vya wageni. Juu hatukuezeka bati. Afande alishikilia kwamba tumwage zege, na nguzo zipandishwe kidogo juu ya zege na nondo zake ziachwe zimechomoza, kwa sababu siku moja tungepandisha ghorofa, na kutoka huko mgeni angeliona ziwa kabla hajatoka kitandani. Nondo zile zilisimama miaka mingi zikiliwa na kutu. Mimi nilizifungia kamba za kuanikia mashuka.

Kabla ya kuwa na nyumba ya wageni, nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, ambayo siku hizi haipo tena. Nilijifunza mengi pale na sijutii. Lakini dirisha la jiko letu lilitazama nyuma, na nyuma ndiko lilikokuwa bomba la maji machafu. Mbele wageni waliogelea, nyuma sabuni na mafuta viliingia ziwani, na katikati sisi tulipanga matunda kwenye sahani. Nilipoondoka nilijiambia kwamba kwangu haitakuwa hivyo. Sikulisema kwa kiapo wala kwa hasira. Nilijua tu kwamba inawezekana kumkirimu mtu bila kumwaga uchafu wake kwa mwenzako, kwa sababu mama yangu aliweza hivyo katika nyumba ya udongo kule Karagwe.

Basi, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi tulitoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ambapo mtaa mzima huzibua mitaro na kufyeka majani, tukaketi nyasini kusikiliza matangazo. Ofisa wa sekta, yaani kata yetu, alizungumza habari za bima ya afya, akazungumza habari za mbuzi wanaozurura, halafu akasema kwamba uwanja wa ndege utapanuliwa.

Uwanja wetu ni mdogo na uko karibu na nyumba za watu. Miaka hiyo ndege ilitua kwa nadra sana, na ikitua ilikuwa habari ya jioni nzima. Sasa tukaambiwa njia ya kurukia itarefushwa na kuwekwa lami mpya, ili watu wanaokuja kupumzika ziwani wasilazimike kuzunguka milima kwa gari kutoka Kigali. Ofisa aliposema neno "watalii," Afande aligeuka akanitazama. Macho yake nilikuwa nimeyaona hivyo mara moja tu, siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa.

"Umesikia?" akaniuliza tukirudi nyumbani, majembe begani.

"Nimesikia."

"Ghorofa sasa. Si moja, mbili. Vyumba kumi na viwili."

"Na maji ya vyumba kumi na viwili yataenda wapi, Afande?"

"Wewe unaona maji tu. Mimi naona wageni."

"Wageni wenyewe wanaoga," nikamwambia.

Alicheka, na wiki ile ile lori likaleta saruji. Mifuko ilijaa stoo mpaka mlango ukagoma kufunga. Fundi aliitwa akapima, akagonga nguzo kwa nyundo, akasema ziko imara. Nakiri nami nilianza kuota kidogo. Nilitaka ndege zije. Sijawahi kuwa mmoja wa wale wanaodhani kila kipya kimekuja kuwafukuza. Mji wetu unaishi kwa watu wanaopita, na mpaka wa Goma ukifungwa hata kwa siku chache, unaona mtaa mzima ukikosa pumzi. Mgeni anayekuja kwa ndege hategemei mpaka. Kwa hiyo tuligombania idadi ya vyumba tu. Juu ya ndege tulikubaliana.

Wapimaji walikuja asubuhi ya jua. Niliona kwanza kifaa chao cha miguu mitatu kimesimama njiani, kisha nikaona jirani yangu amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Jirani huyu ni mama wa makamo anayefanya biashara ya mpakani: anavuka na mboga kwenda Goma, anarudi na vitenge, na jioni anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza mlangoni kwake. Yeye ni Mwislamu, dada yake wa Goma ni Mkatoliki, na sikukuu za dini zote mbili tunakula kwake.

"Dada," akaniita, "batu ya uwanja iko napima mu nyumba yako. We ulibaita?"

Sikuwa nimewaita. Kiongozi wao alikuwa mhandisi, mwanamke kijana kutoka Kigali, amevaa buti na kofia ya plastiki ya manjano. Alinisalimu vizuri, akaomba apande juu ya nyumba.

"Panda tu," nikamwambia, "ila mashuka yangu hayajakauka."

Akacheka, akapita chini ya mashuka akiyainua kwa mkono mmoja. Afande alikuwa ameshamfuata na chai. Alidhani mtu wa uwanja amekuja kuona maendeleo. Akamtembeza juu ya zege kama anamwonyesha shamba: hapa ngazi, hapa vyumba, hapa baraza la kunywea kahawa. Kutoka pale juu unaona kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili, si kikubwa, lakini kinang'aa. Yule binti alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Muzehe, kibali cha ghorofa umeshakipata?"

"Nakifuatilia."

"Naomba usikifuatilie."

Afande alidhani ni mzaha, akacheka peke yake. Mhandisi akaweka kikombe chini na kumweleza pole pole. Ndege haitui kama kuku anayeruka kutoka kwenye ukuta. Inateremka kutoka mbali, kwa mteremko mrefu, na chini ya mteremko ule hakutakiwi kuwe na kitu kilichosimama. Uwanja ukirefushwa, mteremko utaanza kupita juu ya nyumba yetu. Nyumba ilivyo haina tatizo, itabaki, hatuhamishwi. Lakini zile nguzo zilizopanda juu ya zege, pamoja na nondo zake, zimeshagusa kiwango cha urefu kinachoruhusiwa. Zitakatwa. Na ghorofa haitawezekana.

"Mpaka lini?" Afande akauliza.

"Mpaka ndege zitakapoacha kuruka, muzehe."

Aliweka mkono juu ya nondo. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kinywani mwake, kwamba ndege hizi ndizo zinazomletea wageni, na ndege hizo hizo zinamkataza kuwapa pa kulala.

Hakukubali kirahisi. Alikwenda sekta, akaenda wilaya, amevaa koti lake la harusi. Kila ofisi walimpokea kwa heshima, wakamketisha, wakamwambia kile kile alichosema yule binti. Familia kadhaa zilizokuwa karibu kabisa na uzio zilihamishwa, na tulikwenda kuwasaidia kubeba magodoro na masufuria. Mmoja wao, mzee aliyekuwa na miti ya parachichi, aliuzunguka kila mti akaugusa shina kabla ya kupanda gari. Tuliporudi nyumbani siku ile, Afande hakuzungumza tena habari ya kudhulumiwa. Alitafuta msumeno wa chuma.

Fundi alitaka kufanya kazi ile, akamkatalia. Alizikata nondo mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mimi nilizishika zisitetemeke. Vumbi jekundu la kutu lilinijaa mikononi. Kisha fundi akavunja vichwa vya nguzo mpaka vikawa sawa na zege. Kazi ilipokwisha tuliketi pale juu, miguu ikining'inia ukingoni, na ndipo aliponiambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kunieleza.

"Kule tulikokulia," akasema, "palikuwa tambarare. Ukitaka kujua nani anakuja, ulingoja mpaka afike. Baba alikuwa akisema, kwetu Rwanda mtu anasimama mlangoni na kuona nchi nzima. Mimi nilikuja nikapata kiwanja ambacho ukisimama mlangoni unaona bati la jirani."

Nilimwambia nilichokuwa nikikifikiri. "Afande, mgeni aliyelala kwetu wiki iliyopita alikuwa amerudi kwa mara ya pili. Hakurudi kwa sababu ya kuona mbali. Alirudi kwa sababu wewe mwenyewe ulimpeleka kwa miguu mpaka kwenye maji ya moto, ukamwonyesha pa kuketi, ukamtafutia kiazi cha kuchemsha mle mle kwenye chemchemi. Hoteli zina baraza. Sisi tuna wewe."

"Mimi si baraza," akasema.

"Ndiyo. Wewe unatembea."

Akatabasamu kwa shida. Lakini kwa wiki kadhaa aliendelea kuwa mzito. Mifuko ya saruji ilikaa stoo, na saruji haipendi kukaa: inanyonya unyevu, inaanza kuganda pembeni. Kila nilipofungua mlango ule niliona ghorofa yetu inageuka mawe.

Kazi ya uwanja ikaanza. Mitambo ilikwangua nyasi zote, ikasawazisha udongo, ikaushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Hakuna aliyefikiria sana habari hiyo, kwa sababu kulikuwa na jua. Halafu masika yakaingia.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa jikoni na wageni wawili, mke na mume, walimu waliokuja kupumzika kutoka Huye, wakinitazama ninavyosonga ugali wa muhogo. Mvua ilinyesha jinsi inavyonyesha kwetu, kwa hasira na kwa wingi, na mwanzoni hatukujali. Kisha nikasikia sauti ya jirani juu ya mvua.

"Afande! Afande, fanya haraka! Maji iko naingia mu nyumba!"

Afande alitoka bila viatu. Mimi nikamfuata, na walimu wakanifuata mimi. Nyumba ya jirani yetu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za upande wa Goma, imeketi juu ya mawe meusi ya volkano. Njia iliyopita mbele yake haikuwepo tena. Palikuwa na mto wa rangi ya kahawia, unatoka upande wa uwanja, unaingia mlangoni kwake na kutokea uani. Yeye alikuwa amesimama juu ya kiti, amekumbatia mabunda ya vitenge, na jiko lake la mkaa lilikuwa linaelea na kuzunguka chumbani taratibu.

"Mi nazaliwa hapa," akasema akilia na kufoka kwa pamoja, "nakulia hapa, sijaona maji inapita mu njia hii. Inatoka wapi? Mungu wangu, inatoka wapi?"

Tuliona sote inakotoka. Zamani nyasi na mawe ya uwanja viliyanywa maji kabla hayajatufikia. Sasa ardhi ile iliyoshindiliwa haikunywa kitu, iliyatuma yote kwetu.

Afande alimbeba jirani mgongoni, na vitenge vyake, na makelele yake. Mwalimu mwanamume alibeba godoro. Mke wake na mimi tulichukua masufuria na gunia la mchele, tukaanza kuchota maji kwa mabeseni, kazi ya bure kabisa, lakini mtu hawezi kusimama tu. Mvua ilipokatika nyumba ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Jirani alilala kwetu, katika chumba bora, kile cha pembeni. Alipoona taulo mbili zilizokunjwa kitandani alisema, "Bon, leo mi niko mutalii," na hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza tangu alasiri.

Asubuhi Afande aliamka kabla yangu. Nilimkuta stoo, anagonga mifuko ya saruji kwa kiganja, mmoja mmoja, kusikiliza ipi ni laini bado. "Hii nyingi ni nzima," akasema. Tulikunywa chai, tukaenda pamoja mpaka kwenye lango la uwanja, tukaomba kumwona mhandisi.

Alitoka na buti zake. Nilimwomba aje aone kwa macho yake, na alikuja bila kubishana. Alisimama katika mlango wa jirani, akatazama alama ya matope ukutani, akavua kofia. "Mtaro upo kwenye mpango," akasema. "Utachimbwa kando ya uzio wote. Lakini uko awamu ya mwisho, baada ya lami."

"Mvua haijui awamu, binti yangu," nikamwambia. "Tunautaka uwanja huu. Mimi ninautaka kuliko wengi. Lakini mgeni akishuka kwenye ndege akakuta tumeelea, ataona nini? Mtaro uje kwanza, lami ifuate."

"Nitalisema," akajibu. "Sijui kama watanisikia, lakini nitalisema leo."

Kisha yeye na Afande wakainama njiani, kila mmoja na kijiti, wakaanza kuchora kwenye matope. Mtaro wa uwanja ungeleta maji mpaka mwanzo wa mtaa wetu, lakini kutoka hapo yangepita wapi? Yakipelekwa moja kwa moja chini yangefika ziwani yakiwa na udongo, mafuta ya mitambo na kila takataka ya njiani. Mhandisi akasema mawe yetu ya volkano yana vitundu. Ukichimba shimo refu la kutosha na kulipanga mawe vizuri, maji yanamezwa na ardhi na kuchujwa humo. Mashimo ya namna hiyo yakifuatana kando ya njia, mvua kubwa hugawanyika. Yeye angetupa michoro na kutusimamia. Uwanja ungechimba upande wake. Upande wetu ungekuwa wetu.

"Na kingo za mashimo?" Afande akauliza. "Si zinataka zege?"

"Zinataka, muzehe. Na nondo kidogo kwa ajili ya mifuniko."

Afande alijinyoosha. Ningeweza kumchora alivyosimama. "Saruji ninayo," akasema. "Nondo pia ninazo. Fupi fupi, lakini ninazo."

Ofisi ya mhandisi ilimsikia. Sijui alisema nini huko ndani, lakini mitambo ilianza kuchimba kando ya uzio kabla ya mwezi kwisha, na umuganda uliofuata mtaa wetu haukufyeka majani. Tulichimba. Jiwe la volkano halina urafiki: linakata viganja, linavunja ncha ya sururu. Vijana walitaka kukata tamaa mapema, na hapo Afande akarudi kuwa yule mtu niliyeolewa naye. Aliwagawa makundi, akawapa zamu za kupumzika, akaimba zile nyimbo za kijeshi ambazo zina maneno machache na pumzi nyingi. Jirani yetu alikaanga sambaza kwa ajili ya wote, akagawa kwenye majani ya mgomba, na kila aliyesimama kula alimfokea, "We unakula, shimo inabakia? Rudia kazi!" Kazi haikuisha siku ile, wala umuganda ule. Wengine waliacha, wengine walirudi jioni baada ya shughuli zao. Shimo moja liliporomoka ikabidi tulianze upya. Lakini mvua kubwa iliyofuata ilitukuta tayari. Tulitoka nje na miamvuli, mtaa mzima, tukasimama kuyatazama maji yakiingia shimoni na kutoweka. Jirani aliingia ndani kwake, akatoka, akainua mguu mmoja kuonyesha kiatu chake. Kikavu.

Kwa mabaki ya saruji nilifanya langu. Nyuma ya nyumba tulijenga matangi mawili ya maji machafu, moja likimwagia jingine, na mbele yake kitalu cha changarawe kilichopandwa mianzi myembamba na migomba, ili maji ya bafu na jiko yapite humo pole pole na kuishia kunywesha migomba. Hakuna harufu. Wageni wengine huomba waonyeshwe, na Afande huwaonyesha kwa fahari ile ile aliyokuwa nayo kwa ghorofa, akieleza kila bomba.

Wale walimu wa Huye ndio waliotufungulia njia nyingine bila kujua. Siku ya pili baada ya mafuriko walikwenda kwa jirani kumsaidia kuzoa matope, wakakaa kutwa. Walipoondoka hawakunishukuru mimi kwa chumba, walinishukuru kwa jirani. Miezi michache baadaye wakarudi na rafiki zao, na vyumba vyangu vilikuwa vimejaa. Mke akaniuliza kama hawawezi kulala kwa yule mama wa sambaza. Nilikwenda uzioni kumwuliza.

"Kwangu?" akasema. "Kwangu iko mbao, dada. Mutalii atalala mu mbao?"

"Wameomba wenyewe."

"Donc wako na kichwa mubaya," akasema, lakini alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.

Nyumba nyingine za mtaa zilimfuata jirani, zikaanza kujiandaa kulaza wageni. Sasa uwanja bado haujakamilika wote, ila ndege ndogo zinatua mara nyingi kuliko zamani. Zikipita juu yetu vijiko vinalia kidogo kabatini, na Afande hunyoosha shingo kuangalia kama magurudumu yametoka. Hivi karibuni alikuja wakala wa safari, mtu mwenye adabu, viatu vyake vimepigwa rangi. Alitaka kutuletea vikundi vikubwa, mfululizo, kwa sharti kwamba tuongeze vyumba uani, pale penye migomba. Mimi nilimwachia makusudi mwenye nyumba ajibu.

"Hapa vyumba ni vinne," Afande akamwambia. "Vitabaki vinne. Wageni wako wakizidi, nitawagawa mtaani. Kuna nyumba sita zilizo tayari, zote safi, na vyoo tumevikagua. Watakula tunachokula. Watatembea kwa miguu. Kama wanataka zaidi ya hapo, kule chini kuna hoteli nzuri, nitakuonyesha njia."

Yule bwana alifikiri, akasema atawauliza wakubwa wake. Akaondoka. Baada ya wiki akapiga simu akasema watajaribu na kikundi kidogo kwanza, na kama nyumba za mtaani hazitawafaa, hatarudi. Ni haki yake. Sina wasiwasi nao. Nimewaona watu wakishuka kwenye ndege na wakishuka kwenye pikipiki, na wote wakifika kwangu wanaulizia maji ya kunawa na mahali pa kuweka mzigo.

Kikundi kinakuja mwezi ujao. Jana jirani aliniita nikaone chumba alichokiandaa. Amepaka mbao rangi ya kijani kibichi, ile ya kupaka milango ya maduka, kuanzia chini mpaka juu, na dari pia.

"Iko muzuri?" akaniuliza.

Niliizunguka ile rangi kwa macho. Ilikuwa kali. Ilikuwa kijani mpaka uso wake ulikuwa kijani.

"Ni nzuri," nikasema, "ila fungua dirisha siku mbili harufu itoke."

"Mi nilijua," akasema, na akanituma sokoni kumnunulia chandarua, kikubwa, cha watu wawili, na nisimletee cheupe.